WAKILI SI DALALI: KIJANA AKIKAMATWA KWA KUENDESHA GARI AMELEWA



Ndugu zetu katika imani, akina baba, akina mama, na nyinyi wanafunzi wetu mlioko vyuoni. Kuna jambo ambalo katika mitaa yetu hapa Kampala huzungumzwa kwa sauti ya chini, jikoni au nyuma ya msikiti baada ya Isha, nalo ni mtoto wa Kiislamu kukamatwa usiku na trafiki akiwa kwenye usukani huku amelewa. Tukisema halipo tutakuwa tunajidanganya wenyewe. Lipo, na ile operesheni ya polisi inayoitwa Kawunyemu, ya kuwapulizisha madereva kwenye mashine, haiulizi mtu dini yake.

Ubaya wa pombe hatuna haja ya kuurefusha hapa, kila msomaji wetu anaijua aya ya 90 ya Surat Al-Maidah. Na ubaya wa pombe barabarani hauhitaji hata aya. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Yule mwenye boda boda anayegongwa saa nane za usiku naye ana mama. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba tunatetea ulevi. Tunazungumzia kinachofuata baada ya kijana kukamatwa, kwa sababu hapo ndipo familia zetu zinapofanya mambo ya aibu kuliko hata hilo kosa lenyewe.

Familia zikipatwa na msiba huu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, mwacheni aozee huko, Muislamu aliyekunywa hastahiki wakili. Kundi la pili husema, tafuteni haraka mtu anayemjua hakimu. Tunasema waziwazi kwamba makundi yote mawili yamekosea, na la pili limekosea zaidi.

Tuanze na hao wa mwacheni aozee. Wakibanwa hukimbilia Surat An-Nisaa, aya ya 105, ile inayokataza mtu kuwa mtetezi wa wahaini, kisha hukunja mikono kama kwamba mjadala umekwisha. Jee, wamesoma sababu ya kuteremka kwake? Wafasiri wanasimulia, katika riwaya iliyo mashuhuri, kwamba Tu'mah bin Ubayriq aliiba pale Madina, kisha wizi ule akasukumiwa Myahudi asiye na hatia, na jamaa zake Tu'mah wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumsafisha mtu wao hali ya kuwa wanaujua ukweli. Aya zikashuka kumtoa katika tuhuma yule Myahudi na kuwafedhehesha walioleta utetezi wa uongo. Kilichokatazwa pale ni kutetea kwa uongo na kumtwika mwingine mzigo. Kusimama na mtu ili asihukumiwe bila ya kusikilizwa ni jambo jingine kabisa. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimuusia asitoe hukumu mpaka amsikilize na mtu wa upande wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Sasa nyinyi mnaomhukumu kijana kabla hata mashine haijaleta jibu, mmejifunza ukadhi huo wapi?

Na kuhusu laana wanazomwagiwa vijana hawa vibarazani, ipo hadithi katika Sahih Bukhari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Aliadhibiwa. Lakini mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilimfika, na heshima yake haikuvuliwa. Hicho kipimo ndicho tunachokitaka kwa watoto wetu: akiwa na kosa aadhibiwe kwa haki, na akiwa hana aachiwe kwa haki.

Maana si kila anayeyumba kando ya gari amelewa! Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka sana huongea kwa kukokota maneno, hutoka jasho, huyumba, na hata huwa mkali bila sababu. Na ambaye sukari imempanda kupita kiasi pumzi yake hutoa harufu inayofanana na ya matunda yaliyooza, ambayo mtu asiyejua huiita pombe, na zipo mashine za bei nafuu ambazo huchanganya harufu hiyo na kilevi. Dawa za kusukutulia mdomo na baadhi ya dawa za kikohozi zina kilevi ndani yake, na mtu akipuliza mara tu baada ya kuzitumia mashine itasoma kilichobaki mdomoni badala ya kilicho kwenye damu. Ndiyo sababu wapimaji makini humsubirisha mtu walau robo saa kabla ya kumpulizisha. Jee, baba aliyekwisha kumuita mwanawe mlevi mbele ya mtaa mzima, itakapobainika kwamba ni sukari, atayarudishaje yale maneno?

Upo pia upande wa pili wa sayansi hiyo, na wanafunzi wausikilize vizuri. Kiwango cha sheria hapa Uganda ni miligramu 80 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa kama miligramu 15 hivi kwa saa, wengine pungufu, wengine zaidi kidogo. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala kuoga maji baridi, wala kutafuna majani. Kwa hiyo aliyefika 170 saa sita za usiku, saa kumi na moja za alfajiri bado anaweza kuwa juu ya kiwango, naye amelala, ameamka, na anadai kwa kiapo kwamba yuko sawa. Wakili anayejua kazi yake atalifanya hesabu hili kabla ya mwendesha mashtaka. Asiyejua ataingia mahakamani kusema mteja wangu alikuwa amelala vizuri!

Sasa tuje kwa kundi la pili, ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Ukifika kituoni usiku kumtafuta mwanao, kabla hujamuona afisa utakutana na mtu aliyevaa vizuri, ana simu mbili, anakuita mzee au mama kwa adabu kubwa. Waganda humwita kayungirizi. Sisi tunamwita dalali. Atakwambia jambo hili linamalizika usiku huu huu. Atakutajia jina la hakimu kana kwamba wamelala kitanda kimoja utotoni. Atataka pesa taslimu, bila risiti, sehemu ya wakili na sehemu ya wakubwa. Na mzazi ambaye mwezi mzima anahesabu shilingi ya ada ya chuo atapiga simu kwa shemeji, atapiga kwa wifi, atauza hata kiwanja, ampe mtu asiyejua anakoishi.

Tunaijua familia moja ya mitaa ya Kawempe iliyofanya hivyo kwa ajili ya kijana wao wa mwaka wa tatu chuoni. Walitoa shilingi milioni mbili. Waliambiwa faili limekwisha, kijana asiende mahakamani siku iliyoandikwa kwenye karatasi. Hakwenda. Faili halikuwa limekwisha hata kidogo, likaitwa, mshtakiwa hayupo, ikatolewa amri ya kumkamata. Akaja kuchukuliwa mbele ya wenzake wakati wa mtihani. Aliyejiita wakili, simu yake ikawa haipatikani, na kwenye ofisi aliyoitaja hakuna aliyewahi kumsikia. Kosa la kwanza huenda lingekwisha kwa faini. Hili la pili lilimpotezea mwaka mzima wa masomo, na wadhamini wake wakaitwa kujieleza.

Tena tusiseme kwamba walitapeliwa tu, basi. Walikuwa wanatoa rushwa! Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Mtu anakataa kumpa mwanawe wakili wa halali kwa sababu pombe ni haramu, kisha anachota milioni mbili kwenda kumhonga hakimu. Hebu tujiulize, hii ni taqwa ya namna gani?

Na laiti wangejua kwamba mengi wanayoyanunua kwa dalali ni haki yao ya bure. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 23, inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili anayemtaka yeye. Asipoachiwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi, ile wengi wanayoiita bondi, ni bure, na vituo vingi vimeliandika hilo ukutani kwa herufi kubwa. Kifungu cha 28 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe, kinampa muda wa kujitayarisha, na kinampa mkalimani bila malipo ikiwa haifahamu lugha ya mahakama. Hili la mkalimani linatuhusu sana sisi tuliokulia Kiswahili au Kinubi, wa Bombo na Arua na kwingineko. Tunaona haya kusema kwamba Kiingereza cha mahakama kinatupita, tunaitikia yes, yes, na tukitoka nje tunauliza kimesemwa nini. Kijana akiitikia hivyo wakati anasomewa shitaka, amekwisha kukiri.

Lakini lipo jambo ambalo Katiba haikulitoa. Wakili wa kulipwa na serikali ni haki kwa anayekabiliwa na kosa la kifo au kifungo cha maisha. Kuendesha gari umelewa hakumo. Kwa hiyo wakili hapa ni jukumu la familia, na kumchagua vibaya ni hasara yao.

Basi achaguliwe vipi? Kwanza awe wakili. Msicheke. Mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa ikizungumza juu ya kijana aliyedaiwa kujifanya wakili na kusimama mbele ya majaji, na kama jambo hilo liliweza kuzungumzwa Nairobi, basi Kampala nayo si mbinguni. Leseni ya uwakili hutolewa upya kila mwaka. Suti, kadi ya jina na gari la kifahari havithibitishi chochote. Ulizeni Chama cha Wanasheria cha Uganda, au ofisi ya Msajili Mkuu wa Mahakama: huyu fulani ana leseni ya mwaka huu? Swali hili halimkasirishi wakili wa kweli. Anayekasirika, ondokeni.

Pili, awe amezoea mahakama za mahakimu na kesi za barabarani. Wapo mawakili hodari wa ardhi na wa mirathi, Allah awazidishie, lakini hajawahi hata kuishika ile karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupimia. Msikilizeni anauliza nini siku ya kwanza. Anayefaa huuliza kuliko anavyojibu. Gari lilisimamishwa wapi na kwa sababu gani? Kijana alipuliza saa ngapi, na mara ngapi? Kifaa cha kupulizia kilikuwa kipya au kimetoka mdomoni mwa mtu mwingine? Mashine mara ya mwisho ilikaguliwa lini? Damu ilichukuliwa, na kama ilichukuliwa ni nani aliyeichoma sindano, chupa ikaandikwa jina na nani, ikakaa wapi kabla ya kufika maabara ya serikali pale Wandegeya? Kijana ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani? Alikuwa na nani garini? Wakili asiyeuliza hata moja katika haya na badala yake anakwambia mzee usijali, tofauti yake na yule wa kituoni ni ofisi tu.

Anayekuahidi ushindi, mkimbieni. Hakuna wakili mwenye ushindi mfukoni. Mwenye kuuweka mfukoni ameununua au anakudanganya. Malipo yaandikwe: ni kiasi gani, ni kwa kazi ipi, ataingia mahakamani mwenyewe au atamtuma kijana wa ofisini, na ikiwa kesi itakatwa rufaa ni hesabu nyingine au ni hiyo hiyo. Faini hulipwa kwa serikali kwa utaratibu wake na ina risiti yake, haipitii mfukoni mwa wakili. Wasiokuwa na uwezo wasikate tamaa, kuna kliniki ya msaada wa sheria ya Law Development Centre, kuna mradi wa msaada wa sheria wa Chama cha Wanasheria, na kuna Justice Centres zilizo chini ya Mahakama. Si kila kesi wataichukua, lakini kuuliza hakuna gharama, na hata wakikataa watakwambia ukweli ambao dalali hawezi kukuambia.

Wapo watakaotuuliza: jee, awe Muislamu? Tunapenda awe, na tunao mawakili wa Kiislamu wazuri. Ila tumechoka na wanaochagua kanzu wakaacha kazi. Mtume (S.A.W.) alipohajiri kutoka Makka, roho yake na ya Sayyidna Abubakar zikiwa hatarini, aliyeajiriwa kuwaongoza njia ni Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu. Alichaguliwa kwa sababu anaijua njia na ni mwaminifu. Wakili Mkristo mwenye leseni, mwenye ujuzi, asiyekutaka utoe hongo, ni bora mara kumi kuliko Hajji anayekwambia alete mashahidi wa kukodi.

Na hapo ndipo penye jambo zito zaidi. Mzazi akishapata wakili mzuri, humharibia kazi mwenyewe. Hutaka wakili aseme kijana hakuwa ndiye dereva. Humtafuta jirani aape kwamba walikuwa wote kwenye maulidi. Humshinikiza rafiki yake mwanawe, maskini, mtoto wa mjane, akubali kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Hii ndiyo kazi ya jamaa zake Tu'mah! Mtume (S.A.W.) amesema kwa maana kwamba yeye ni binadamu, watu humletea kesi zao, na huenda mmoja akawa na ulimi wa hoja kuliko mwenziwe akahukumiwa kwa alichokisema, lakini atakayepewa kwa njia hiyo haki ya nduguye basi amekatiwa kipande cha moto. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wakili anayekataa kupeleka uongo mahakamani amekuhurumia, naye pia maadili ya kazi yake yanamkataza. Msimfukuze kwa sababu hiyo.

Pengine wakili huyo huyo, baada ya kusoma faili lote, atakuja na kusema: ushahidi umekamilika, mashine ilikuwa sawa, kijana mwenyewe ameniambia alikunywa, tukiri. Familia nyingi hapa huona zimesalitiwa. La hasha! Kukiri mapema, tena kwa mpango, ni utetezi. Hakimu huangalia kama ni kosa la kwanza, kama mtu amejuta, kama ameshaanza kutafuta tiba ya ulevi wake, kama kuna aliyeumia na amefanyiwa nini. Uganda ina kanuni za makubaliano ya kukiri kosa tangu mwaka 2016, na wakili anayezijua anaweza kuzungumza na mwendesha mashtaka mchana kweupe, kwa maandishi, mbele ya mahakama, bila ya bahasha.

Ikiwa kuna aliyeumia, shitaka huenda likawa zito zaidi, na wakili aambiwe hilo siku hiyo hiyo. Kwenda hospitali kumjulia hali na kusaidia dawa ni ubinadamu, lakini msiende kimya kimya na karatasi ya kumtia saini kwamba hadai kitu. Nendeni na wazee, wakili akiwa na habari. Mgonjwa aliyevunjika paja hana nguvu ya kukataa shilingi laki tatu, na nyinyi mnalijua hilo ndiyo maana mnaharakisha.

Hukumu ikitoka na ikiwa hamkuridhika, siku za kupeleka notisi ya rufaa ni kumi na nne tu kuanzia hukumu. Kumi na nne! Tumeona watu wanazimaliza wakibishana nani alaumiwe.

Mwisho tuna neno kwa kamati za misikiti yetu. Kwenye mbao zenu za matangazo kuna bei ya kukodi viti vya harusi, kuna namba ya mchinjaji wa akika, kuna ratiba ya ziara. Mnashindwaje kubandika majina ya mawakili watatu wenye leseni ya mwaka huu, ili mama anayeamshwa saa nane za usiku apate wa kumpigia kabla hajampigia dalali?